Uliza Fundi: Rimu ya kaboni ikiumia haisemi

Wasomaji wangu, mwezi huu maswali karibu yote yamekuja ya kitu kimoja, rimu za kaboni faiba. Nadhani ni kwa sababu yale magari ya kwanza kutoka kiwandani nazo sasa yameshaanza kuuzwa mkono wa pili, kwa hiyo watu wanakutana nazo ana kwa ana, sio kwenye picha tu. Nimeamua nafasi yote niwape hizo rimu, mengine yatasubiri.

Shikamoo fundi. Nimepata Shelby GT350R ya 2016, mkono wa pili, injini iko poa, bodi iko poa, ila rimu zote nne ni kaboni na jamaa zangu wamenitisha eti zikipiga shimo zinapasuka kama glasi unabaki unatembelea habu. Muuzaji anasema hazijawahi kuguswa. Nichukue au nimwambie anifungie za alumini kwanza? – Mwenye Mashaka

Marahaba kijana wangu. Gari unaloliulizia lina nafasi yake kwenye historia ya hizi rimu. Koenigsegg, watengeneza magari wa Sweden, walishatangulia na rimu zao za kaboni za Aircore ambazo zina uwazi ndani, lakini magari yao ni machache mno. GT350R, hiyo Mustang ya Ford, ndo ilizileta kwenye gari linalotengenezwa kwa wingi, tena zikiwa za kawaida kwenye hilo toleo, sio za oda maalum. Ford walizichukua kwa Carbon Revolution, kampuni ya Australia, na hesabu waliyoitoa ni kwamba rimu moja ina pauni 18 wakati ya alumini ya saizi ileile ingekuwa na pauni 33, yani kama kilo 8 dhidi ya 15. Kabla ya kuziuza walizipitisha kwenye jaribio la kugonga ukingo wa barabara gari likiwa kwenye mwendo, wakazipiga miale mikali kama ya jua, wakazimwagia kemikali. Kwa hiyo sio kitu kilichofungwa ili kupendeza macho.

Sasa hilo la glasi. Jamaa zako wameshika kipande kimoja cha ukweli wakakivuta mpaka kikachanika. Fikiria kamba, ukiivuta ina nguvu ya ajabu ila ukiisukuma inajikunja tu. Uzi wa kaboni ndo uko hivyo, na kinachoushika usijikunje ni resini, ile gundi inayomiminwa katikati ya nyuzi alafu inapikwa mpaka inakuwa ngumu. Rimu nzuri ina matabaka mengi na kila tabaka nyuzi zake zimelazwa upande wake, hizi zinabeba uzito wa gari, zile zinabeba kona, zingine zinabeba breki. Ikikaa hivyo inavumilia kazi ya kujirudiarudia vizuri sana, kuliko hata alumini, mana alumini hata ukiipa mzigo mdogo ila wa kujirudia mamilioni ya mara bado inachoka kidogokidogo mpaka siku inatoa ufa. Kwa kutembea tu barabarani kila siku, kaboni sio dhaifu hata kidogo.

Tofauti inakuja kwenye kipigo. Alumini iliyofuliwa ukiipiga inapinda, na chuma ndo kabisa, unaona kwa macho rimu imekuwa yai, usukani unatetemeka, unajua leo nimeumia. Kaboni haipindi. Inabonyea inarudi palepale, inabonyea inarudi, mpaka kipigo kikizidi uwezo wake inapasuka, na hapo katikati pa kupinda ikabaki imepinda hapapo. Ila kuna kitu kingine ndani ya hapo ambacho mimi ndo kinaninyima usingizi kuliko huko kupasuka: inaweza kupigwa kipigo ambacho hakijaipasua, juu ikabaki inang'aa kama mpya, ndani matabaka yameachana. Watu wa ndege wanalijua hili miaka mingi, ndege zenye mabawa ya kaboni zina utaratibu mzima wa kutafuta majeraha ya aina hii, mana spana ikidondoka juu ya bawa inaweza isiache hata alama. Tena jeraha huwa linapanuka kuelekea upande wa pili wa pale palipopigwa. Kwenye rimu upande huo mara nyingi ni ule uliofunikwa na tairi.

Kwa hiyo maneno ya muuzaji kwamba hazijaguswa hayakusaidii, hata kama anasema kweli, mana anaweza kuwa yeye mwenyewe hajui. Mwambie tairi zote nne zitolewe, sio moja. Chukua taa, angalia pipa la rimu, ile sehemu ya mviringo inayovalishwa tairi, kwa ndani mzunguko mzima, hasa ule mdomo wa upande wa ndani ya gari, huo ndo unaopokea mashimo. Unatafuta mstari mwembamba kama unywele, sehemu imekuwa nyeupenyeupe kama ukungu, rangi ya juu imepasuka kwa mviringo, nyuzi zimechomoza. Alafu chukua sarafu ugongegonge taratibu ukisikiliza, mahali pazima panalia kwa sauti kali, palipoachana panatoa sauti nzito ya kufa. Hiyo ya sarafu haikupi cheti, rimu ina sehemu nene na jeraha la chini kabisa linaweza kukupita, kwa hiyo ukipata mtu mwenye kipimo cha mawimbi ya sauti ambaye anajua kusoma kaboni na sio chuma tu, mlipe. Na uliza karatasi za gari, ajali, matengenezo, kama lilikuwa linapelekwa uwanja wa mashindano.

Akikubali yote na rimu zikatoka safi, chukua na rimu zake. Akianza kukuzungusha kwamba tairi zisitolewe, basi hesabu kwenye bei kwamba hizo rimu nne hazipo, na akikataa na hilo achana nalo hata kama roho imelipenda.

Fundi, habari za kazi. Nachojua resini haipendi moto. Sasa diski ya breki ikiwa nyekundu pale sentimita chache kutoka kwenye rimu, hiyo rimu inaponaje? Au ndo tunadanganywa? – Mzee wa Breki

Nzuri sana ndugu yangu, na swali lako ndo lenyewe kabisa, mana hata waliotengeneza walikwama hapohapo.

Resini ina joto lake ambalo ikifika inaacha kuwa ngumu inaanza kulegea kama mpira. Haiyeyuki kama mshumaa, inalegea, na ikishalegea nyuzi hazina wa kuzishika. Resini za kawaida zinalegea mapema sana, hizi za rimu zinachaguliwa za joto la juu, ila hata hizo ukiziweka karibu na diski bila kinga hazitoboi. Ford walipokuwa wanaijaribu GT350R uwanjani joto la diski lilipita nyuzi 900 za selsiasi. Dawa waliyoitumia wameitoa kwenye teknolojia ya injini za vyombo vya angani, wanachukua madini ya seramiki wanayayeyusha kwa mwale wa plazma, yani hewa ya moto mkali mno, alafu wanayapuliza ndani ya pipa la rimu na mgongoni mwa spoku, ile mikono ya rimu, linabaki tabaka jembamba gumu mno ambalo linazuia joto lisifike kwenye resini. Hapo sasa rimu inaishi.

Lakini usisahau kitu kimoja. Gari likiwa linakimbia upepo unapita, joto linaondoka. Hatari ni ukishasimama. Umepiga raundi kumi za nguvu, unaingia pembeni moja kwa moja, unazima gari unaenda kunywa maji, breki yote ile sasa haina upepo na joto lake linapanda juu kwa rimu na habu. Raundi ya mwisho iwe ya taratibu breki usiziguse sana, na ukisimama usivute breki ya mkono. Hii ni kwa rimu yoyote ila kwa kaboni ukiipuuza unalipia.

Alafu ukisafisha angalia lile tabaka la ndani kama limebanduka mahali. Jiwe dogo likinasa kati ya kalipa, kile kinachobana pedi kwenye diski, na pipa linaweza kulikwangua mzunguko mzima kwa dakika chache, na kwa kaboni huo mfereji sio wa kuchukulia poa kwa sababu unakuwa umekata nyuzi. Ukiona pamegeuka rangi ya kahawia, pametoa malengelenge au pananuka kama gundi iliyoungua, hiyo rimu imeshamaliza kazi. Na wale wanaobadilisha breki wakaweka diski kubwa kuliko za kiwandani bila kuuliza aliyetengeneza rimu, naomba muache, ile nafasi kati ya breki na rimu ilipigiwa hesabu.

Mambo fundi! Mi nauliza hivi, kilo saba kwa rimu ni kitu gani kwenye gari la tani moja na nusu? Si bora nipunguze tumbo? – Mchumi

Poa kaka. Kilo za kwenye rimu sio sawa na kilo za kwenye siti. Kwanza zinazunguka, kwa hiyo ukikanyaga mafuta injini inazisukuma mbele na papo hapo inazizungusha, na breki nayo ina kazi hizo mbili, na kadiri uzito unavyokaa mbali na katikati ya rimu ndo unavyozidi kuwa mzito kuuzungusha, ukiweka umbali mara mbili uzito uleule unakuwa mgumu mara nne. Pili ziko chini ya springi. Tairi ikipanda tuta inabidi shokapu irudishe rimu chini haraka ishike lami, rimu nyepesi inarudi upesi. Kwenye ile Shelby ilibidi Ford wapange upya springi na shokapu kwa sababu gurudumu lilikuwa linaitika haraka kuliko walivyozoea, hicho ni kitu kikubwa.

Chevrolet kwenye Corvette Z06 ya 2023 wanasema rimu za kaboni zinapunguza pauni 41 kwa gari zima, kama kilo 18 na nusu. Porsche mwaka 2017 kwenye 911 Turbo S Exclusive Series walitoa za kufumwa, nyuzi zinasukwa na mashine ya mviringo yenye kipenyo cha mita 9, zikapunguza kilo 8.5 kwa seti na wakasema zina nguvu zaidi kwa asilimia 20 kuliko za kawaida, na bei yake Ujerumani ilikuwa zaidi ya euro 15,000. Unaona hapo tofauti, Porsche hawakupunguza sana kama Ford, na bado unalipa. Kama gari lako ni la kwenda kazini na kurudi mimi nakwambia kwa moyo mmoja usinunue. Nunua tairi nzuri, pedi nzuri, utahisi faida zaidi. Anayezipata faida hizi ni yule anayelisukuma gari mpaka mwisho wake.

Shikamoo. Mimi ni fundi tairi, mwanamke, nina miaka sita kwenye hii kazi. Juzi kaletwa mteja ana rimu za kaboni anataka tairi mpya, nikaogopa nikamrudisha. Bosi kakasirika. Nilikosea? Na siku nyingine nifanyeje? – Dada wa Tairi

Marahaba mwanangu, hukukosea. Nikueleze kisa nilichokiona mwenyewe ndo utajua kwa nini nasema hivyo.

Kuna rafiki yangu gari lake lilikuwa linapoteza upepo gurudumu moja, kidogokidogo, anaweka asubuhi kesho yake umepungua. Akabadilisha valvu. Akabadilisha sensa ya upepo. Akanunua tairi nyingine kabisa, bado. Alipolileta kwangu tukatoa tairi tukaangalia pale kwenye kiti cha tairi, ule ukingo ambao tairi inakaa ikaziba upepo, tukakuta pamemeguka kipande kidogo kuliko ukucha, na pembeni alama ya chuma kabisa inaonekana. Kuna gereji alikuwa amepita miezi kadhaa nyuma wakamtolea tairi kwa mtalimbo kama wanavyotoa za lori. Hawakumwambia, na labda hata wao hawakujua wamefanya nini, mana kwenye rimu ya chuma ungeona pamekwaruzika tu. Rimu ile ilikwenda kutupwa. Iliniuma sana kwa sababu haikupiga shimo wala ukuta, iliharibikia mikononi mwa fundi.

Kwa hiyo sharti la kwanza, mashine iwe ile isiyotumia mtalimbo, na vile vidole vya kushikia rimu viwe na mipira au plastiki, na ushike kwa katikati sio kwenye mdomo. Paka sabuni ya tairi ya kutosha, tairi za magari haya zina mbavu ngumu kwelikweli na haraka yako ndo inavunja. Uzito wa balansi uwe wa kubandika kwa gundi, ule wa kugongea kwa nyundo kwenye mdomo wa rimu usithubutu, na ukibandua wa zamani usikwangue kwa bisibisi, tumia kipande cha plastiki. Hakikisha unapobandika sio kwenye njia ya kalipa.

Alafu nati. Hapa wengi wanateleza. Resini ikibanwa muda mrefu inaweza kupungua unene kidogo, ndo mana kwenye matundu ya nati rimu nyingi za kaboni zimewekewa vipande vya chuma ili mkazo usikae kwenye resini yenyewe. Kabla hujafunga futa, angalia hivyo vipande viko sawa havichezi, usipake grisi kama kitabu cha gari hakijasema, kaza kwa mtindo wa nyota kwa spana ya kupima mkazo, ile bunduki ya upepo iishie kuzungusha tu. Mwambie mteja arudi akitembea kidogo urudie kupima. Na kabla hajaondoka mwandikie umeona nini ndani ya rimu tairi ilipokuwa nje, hata kama hujaona kitu, mana ni nafasi adimu hiyo ya kuona upande ule na karatasi yako itakuja kumsaidia mtu siku moja.

Kama gereji yenu haina hiyo mashine, mrudishe mteja, na bosi wako umuonyeshe gazeti hili.

Jua na chumvi vinazila hizi rimu? – Pwani Boy

Jua linakula resini, sio nyuzi. Juu kuna rangi ya kung'aa yenye kinga ya miale, ikiwa nzima hakuna shida, ikibanduka uirudishie mapema kwa watu wanaojua, na wasiipige msasa mpaka kwenye nyuzi. Maji hayatoboi kirahisi.

Chumvi ndo ina ujanja wake. Kaboni na alumini vikigusana pakawa na maji ya chumvi inatokea kama betri ndogo na anayeliwa ni alumini, kaboni haiguswi. Kwa hiyo rimu zile za mchanganyiko, pipa la kaboni katikati pamefungwa alumini au magnesi (madini mepesi nayo) kwa boliti, zinategemea sana kwamba kiwandani waliweka kizuizi pale katikati, tabaka la nyuzi za glasi kwa mfano au boliti za titani. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida. Zile dawa za kuoshea rimu zenye asidi zinazotoa vumbi la breki kwa sekunde mbili, weka mbali.

Fundi naona mtandaoni wanauza rimu za kaboni kwa bei ya kutupa, wengine hata robo ya bei ya kampuni kubwa. Nitajuaje za kweli? Na kama ni kaboni kweli kwa nini nisichukue? – Kijana wa Bajeti

Kijana, hapo kuna makundi mawili na usiyachanganye.

Kundi la kwanza ni alumini iliyovalishwa. Wanachapa mchoro wa kaboni juu au wanabandika kitambaa chembamba cha kaboni kweli lakini ndani ni alumini. Hii utaijua kwa mizani. Kaboni iliyopikwa na resini ina uzito wa gramu 1.6 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, alumini 2.7, chuma karibu 7.9, kwa hiyo inayoitwa kaboni alafu ina kilo sawa na ya alumini ya saizi hiyo, huo ni urembo. Haitakuua kwa kuwa ya alumini, umelipia urembo tu.

Kundi la pili ndo linaloniogopesha, ni kaboni kweli, ila hakuna mtu aliyeipima. Uzito utakuwa mwepesi, mchoro mzuri, ukiipiga picha huwezi kuitofautisha na ya Ferrari 488 Pista. Lakini nguvu ya rimu haiko kwenye neno kaboni, iko kwenye nyuzi zimelazwa upande gani, resini imeingia kote au imeacha mapovu ya hewa ndani, imepikwa joto gani kwa muda gani. Watengenezaji wa kweli wanapiga picha za ndani za rimu kwa eksirei ya tabaka kwa tabaka, kama hospitali, kutafuta hayo mapovu. Anayeuza robo bei hiyo kazi amemuachia nani?

Muombe ripoti ya majaribio, na sio picha ya cheti. Rimu inatakiwa iwe imepita jaribio la kuchoshwa kwa kona, ambapo inafungwa na kupindishwapindishwa ikizunguka, na la kuchoshwa kwa uzito, ikikimbizwa juu ya ngoma chini ya mzigo mkubwa kuliko itakaobeba, na lile la kipigo, ambapo rimu na tairi lake inalazwa kwa pembe ya nyuzi 13 inadondoshewa chuma kizito, na upepo wote ukitoka ndani ya dakika moja imefeli. Marekani SAE, chama cha wahandisi wa magari, wana kiwango cha J2530 kwa rimu za kununua nje ya kiwanda, na baadaye wakatoa J3204 kwa ajili ya za kompositi kabisa, yani nyuzi na resini kama hizi, kwa sababu waliona vipimo vya chuma peke yake havitoshi, chuma hakina mambo ya resini na joto. Ujerumani utasikia wakaguzi wa TÜV, Japani kiwango cha JWL. Na ripoti iwe ya saizi hiyohiyo na uzito wa gari kama lako, sio ripoti ya inchi 18 wakati unauziwa 20. Mtu akikujibu kwamba kaboni inatumika kwenye ndege kwa hiyo ni salama, hajajibu swali.

Mimi niko shule, napenda Formula 1. Kama kaboni ni bora hivyo mbona F1 rimu zao sio kaboni wakati gari lote ni kaboni? – Lewis Mdogo

Mdogo wangu umeona mbali! Sheria ndo zinawakataza. Rimu za F1 lazima ziwe za magnesi, na 2022 walipohamia inchi 18 zilianza kutoka kwa mtengenezaji mmoja, BBS. Wakiachiwa kaboni timu zenye hela zingemwaga pesa huko. Na kuna suala la vipande, kwenye mbio magari yanagongana rimu kwa rimu na kaboni ikipasuka inatoa vipande vyenye ncha kali.

Ila wazo lenyewe ni la zamani kuliko unavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Citroën SM ya Ufaransa ilikuwa inauzwa na rimu za resini iliyoimarishwa kwa nyuzi, zimetengenezwa na Michelin, kama chaguo la ziada, tena gari hilo lilishinda Rally ya Moroko 1971. Soma sana kemia.

Fundi nisaidie haraka. Wiki iliyopita usiku nimeingia shimo kwa kasi, mbele kushoto, rimu ni kaboni. Nimeangalia kwa nje hakuna hata mkwaruzo, upepo uko palepale, gari halivuti upande wala usukani hautetemeki. Mke wangu anasema nilipeleke, mimi naona liko sawa kabisa. Na kama ina ufa inazibika? – Baba Watatu

Ndugu yangu, shemeji yuko sahihi, na naomba gari usilitembeze tena mpaka hilo gurudumu litoke. Sio kwamba nina uhakika imeumia, inawezekana kabisa ni nzima, nimeona rimu zimepiga mashimo ya kutisha zikatoka salama. Lakini vitu vyote ulivyonitajia hapo, mkwaruzo, usukani, gari kuvuta, ni dalili za rimu ya chuma na alumini. Usukani unatetemeka kwa sababu rimu imepinda. Ya kwako haiwezi kupinda, kwa hiyo usukani kutulia hakukwambii lolote.

Toa tairi, angalia mdomo wa ndani kama nilivyomueleza yule wa Shelby, na tairi lenyewe uligeuze ulichunguze kwa ndani, mana shimo la kuumiza rimu linaweza kukata nyuzi za ubavu wa tairi pia. Ukiona chochote, au hata usipoona ila kipigo kilikuwa kile cha kukushtua moyo, wasiliana na walioitengeneza rimu, wengine wanapokea wanaipima kwa vifaa vyao, na baadhi wana mpango wa kukubadilishia kwa bei ya chini ukiwa mnunuzi wa kwanza.

Kuhusu kuziba, rangi ya juu ikikwaruzika inarudishiwa. Nyuzi zikikatika au matabaka yakiachana, hapana. Ukimwaga gundi juu ya ufa unaziba macho tu, ule mzigo uliokuwa unapita kwenye nyuzi hauna tena pa kupita. Alumini yenyewe tu kuichomelea ni jambo la kubishaniwa, hii haina mjadala. Na ikishakataliwa ikate kwa msumeno kabla hujaitupa, mana ukiiacha nzima na mng'ao wake ule, kesho utaikuta inauzwa.

Kwa sasa funga rimu ya akiba, hata kama ni ya alumini na gari litaonekana halilingani. Watoto watatu hao wanakaa humohumo kwenye gari.